Njo Amisi

Kamina, Jumapili ya pili ya mwezi wa sita. Ni miaka ishirini na miwili na miezi mitatu tangu nilipotoka Kindu.

Mpendwa yaya Amisi,

Bado nakuita yaya, kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu. Ulinitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja tu, lakini kwetu mkubwa ni mkubwa. Ungeniona leo ungecheka. Kidevu kimeota mvi, goti la kushoto halikunjiki, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilibanwa na chuma vikapona vibaya. Wewe una miaka kumi na tisa. Ningeweza kuwa baba yako sasa, na bado mdomo unakataa kukuita jina lingine.

Barua hii haina bahasha. Barua ya bahasha ina mwenyewe wa kuifungua, na wewe sijui ulipo, mto haukukurudisha. Basi naiandika wazi. Asomaye asome, hasa wale waliovaa jezi nyeupe pamoja nasi, kwa sababu na wao niliwaficha. Unajua niliishia mwaka wa nne, kwa hiyo herufi nikizikosea mnisamehe. Mambo yenyewe sitayakosea. Nimeyarudia kichwani mara nyingi mno.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kazini. Kazi yangu ni reli. Tunang'oa mataruma yaliyooza, yale magogo yanayolala chini ya vyuma, tunaingiza mapya. Watu wanne kwa gogo moja, begani. Ilikuwa saa ya kula muhogo wetu. Simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Wabula? Weye Wabula, namba tano ya koleji?"

"Ni nani?"

"Njo Amisi."

Nilikaa chini juu ya chuma. Chuma kilikuwa cha moto na sikukisikia. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba nilifungua mdomo kama samaki.

"Allô? Amisi wa reli, apana ule mwingine! Unaogopa maiti kwa simu?" Akacheka, kile kicheko chake cha mbuzi, hakijabadilika.

Unamkumbuka. Huwezi kumsahau: mshambuliaji wa shule ya watoto wa reli, mwenye jina kama lako na miguu kama mwiko. Sasa anaendesha pikipiki ya abiria Alunguli, ana tumbo, ana wajukuu wawili. Akaniambia wazee wa koleji na wazee wa reli wamekubaliana. Watacheza ile fainali yetu, ile ambayo haikuchezwa.

"Tumbo kwa tumbo," alisema. "Mwenye kuanguka, anabebwa na bibi yake. Na Mama Amisi njo atapiga mupira wa kwanza. Lakini mama amekataa."

"Amekataa kwa nini?"

"Anasema atakanyaga ule uwanja siku muntu atakuya kumuambia nani alimuita mutoto wake. Miaka yote ile, Wabula, bado iko na lile swali lake. Macho yamekwisha, swali halijaisha." Akaongeza, "Weye ulikuwa kwenye mto. Ulisikia muntu akimuita?"

Nilisema mtandao ni mbaya, simsikii. Nilikata. Mtandao ulikuwa mzuri, yaya. Nilimsikia mpaka pumzi yake.

Ninataka kukukumbusha tangu mwanzo, ingawa unayajua, kwa sababu nikianza na mto sitaweza kuandika.

Nilitoka Pangi kuja koleji ya mapadri pale Kindu kabla vita haijatufikia. Sikuwa na ndugu mjini. Tulikaa benchi moja darasani, na siku ya tatu ukaniuliza ninalala wapi, nikakudanganya. Jioni ukanikuta nyuma ya kanisa na mkeka wangu. Ulibeba ule mkeka kichwani, tukashuka mtoni, tukapanda mtumbwi wa Saleh, binamu yako mvuvi, tukavuka kwenda Alunguli. Koleji ilikuwa ng'ambo moja, nyumba yenu ng'ambo nyingine, na tangu siku hiyo tulivuka pamoja asubuhi na jioni.

Mlangoni nilibisha. Mama yako akauliza ndani, "Nani?"

Nikajibu kwa lugha ya kwetu: "Njo miye."

"Nije wapi? Mimi niko kwangu!" Akatoka na upawa mkononi, akaniangalia kuanzia miguuni. "Mtoto, unaniita nije kwako, na umesimama mlangoni kwangu?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Baba wa mama yako alifundisha Kurani Kasongo, na Kiswahili chake alikishika kama mtu anavyoshika yai. Kwake neno lile lilikuwa moja tu: njoo, mtu aitwe aje. Kwetu kuita mtu aje ni "kuya", na njo maana yake ni "ndiye", "ni huyu hasa". Njo miye, ni mimi. Njo mwalimu, ni mwalimu. Wewe ulijua yote mawili, mitaani ulisikia njo yetu kila siku. Lakini jina lako likifuata baada ya neno hilo, sikio lako lilisikia sauti moja tu. Mama yako alikuwa amekuita hivyo tangu ulipoanza kutambaa. Njoo Amisi, ule. Njoo Amisi, uoge.

Halafu vita ikafika. Treni ikaacha kuja. Chumvi ikawa kitu cha kuramba kidoleni. Darasa letu lililokuwa na wanafunzi arobaini likabaki na kumi na tisa, maana wengine walikimbilia msituni na wengine walichukuliwa kubeba bunduki. Ndipo padri mkuu akakubali jambo alilokuwa amelikataa siku zote. Koleji ile haikuwahi kuwa na timu ya mpira. Mapadri waliamini katika mazoezi ya viungo na kwaya. Lakini mwalimu wetu wa hesabu alimwambia mbele yetu, "Baba, mutoto mwenye kukimbia nyuma ya mupira, tunamuona. Mwenye kukaa bure, kesho tutamutafuta." Basi tukaanza. Kiwanja tulikifyeka sisi wenyewe, kiliinama kuelekea mtoni, na timu iliyocheza juu ya mteremko ilikuwa na bahati.

Milingoti ya goli ilikuwa mianzi. Juu tulifunga kamba, na kila mpira uliopita karibu na kamba ulileta ugomvi wa nusu saa. Kengele ya mwamuzi ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, alikipiga kwa nyundo. Na sheria! Mwalimu alikuwa na kijitabu cha sheria za mpira, cha zamani, mchwa walikuwa wamekula katikati. Ukurasa wa kuotea haukuwepo. Akatuambia, "Kama haiko ndani ya kitabu, haiko." Basi msimu wetu wa kwanza tulicheza bila kuotea. Mshambuliaji aliweza kukaa karibu na kipa kama mgeni, akasubiri chakula.

Mama yako alishona jezi kutoka magunia ya unga. Zilikuwa nyeupe, zilikwaruza shingo. Namba alizichora kwa mkaa na mafuta ya mawese, na ikinyesha namba tano yangu ilishuka mpaka kiunoni. Wewe ulikata mpira wa ndani wa baiskeli, ukajishonea glavu. Zilinuka. Washambuliaji walilalamika kwa mwamuzi kuhusu harufu.

Mechi ya kwanza, dhidi ya watoto wa reli. Mji wote ulikuja, watu hawakuwa na mahali pengine pa kwenda kucheka. Sifuri kwa sifuri mpaka dakika za mwisho. Wakapiga mpira mrefu. Nikageuka, nikamwona yule Amisi wa reli amesimama peke yake nyuma yangu, amekaa kule tangu mwanzo akitafuna muwa. Sikuweza kumfikia. Nikapiga kelele kuwaonya mabeki wenzangu:

"Njo Amisi! Njo Amisi!"

Ni Amisi. Mshikeni.

Na wewe ukaja. Ulitoka golini mbio, macho juu yangu, mikono mbele, ukapita mpira kushoto, ukanifikia mimi. Ukasimama mbele yangu ukihema.

"Nimekuya. Nini?"

Nyuma yako Amisi wa reli alitembea na mpira polepole mpaka ndani ya goli. Alikuwa bado ana muwa mdomoni.

Watu wa Kindu hawakulitoa jambo hilo mdomoni mwezi mzima. "Amisi amemufunga Amisi, Amisi alienda kusalimia!" Mama wa samaki pale ufukweni alituita kila asubuhi: "Njo Amisi, kuya ununue!" Mimi niliona aibu sana. Nilikaa nyuma ya mianzi baada ya mechi, sikutaka kuvuka. Ukaja ukakaa karibu yangu, ukavua glavu.

"Sikia, ndugu yangu," ulisema. "Mupira hauna wakati wa kamusi. Tuchague moja. Toka leo ukisema njo, miye nitakuya. Hata kama nimelala. Usiseme njo kama hautaki nikuye."

"Na kama nataka kusema ni weye?"

"Sema ni. Mama atafurahi, ataongeza samaki."

Tukapeana mkono. Nilijifunza, yaya. Mama yako alinifundisha mlangoni. "Nani?" "Njo… ni mimi." "Rudi nyuma, bisha tena." Nilibisha mpaka mara tano, ugali ukipoa, wewe ndani ukiuliza kama unaweza kula sehemu yangu.

Na neno lile likawa letu. Msimu wote uliobaki lilikuwa silaha. Mpira wa juu ukija mimi niliona kabla yako, kwa sababu jua la alasiri lilikuchoma macho upande ule wa mto. Nilisema njo, na wewe ulitoka bila kuangalia. Bila kuangalia, Amisi. Uliruka juu ya vichwa, macho umefumba kwa jua, kwa kuwa mimi nimesema. Mechi tano baada ya ile hatukufungwa hata bao moja la mpira wa juu. Mwalimu alimwonyesha padri: "Tazama, baba. Kipa wetu anaonaka kwa masikio." Tulishinda tatu, tukatoka sare mbili, tukaingia fainali. Dhidi ya reli, bila shaka. Amisi wa reli alituma salamu kwamba atakuja na muwa mwingine.

Fainali ilikuwa Jumamosi alasiri.

Sasa mto.

Siku tatu kabla, wapiganaji waliokuwa msituni walisogea karibu na Alunguli, na askari waliokuwa wameshika mji wakafunga njia ya mto. Mtumbwi usionekane majini. Mimi nilikuwa ng'ambo ya koleji, nilikuwa nimebaki kupaka chokaa mistari ya uwanja. Wewe ulikuwa nyumbani. Jumamosi ikafika. Tulikuwa kumi, hatuna kipa. Mwalimu alisema tuahirishe. Mimi nilisema, "Atakuja." Nilikuwa najivuna nilipolisema. Nikashuka ufukweni na wengine wawili, tumevaa jezi, tukasimama pale juu ya mawe, karibu na askari wanne waliokuwa wanalinda. Askari mmoja alikuwa mzuri kwetu, alituuliza nani atashinda.

Ulifika kama nilivyosema. Saleh alikupitisha juu kabisa, mkashuka ndani ya matete ya upande wetu, mtumbwi umefichika. Ulikuwa umebakiza hatua chache, ungengoja tu, giza lingeingia au askari wangebadilishana, ungetoka. Lakini matete yalitikisika. Askari mmoja akainua bunduki. "Nani kule?" Wengine wakainua. "Nani kule! Adui hao!"

Niliona kipande cha gunia jeupe katikati ya majani. Nilijua ile shingo. Na mdomo wangu, yaya, mdomo niliokuwa nimeufundisha miezi minne, mdomo uliobisha mara tano kwa ajili ya ugali, uliogopa, ukakimbia kwao Pangi. Niliwageukia askari nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, niwaambie ni nani, wasipige:

"Njo Amisi! Njo Amisi! Kipa yetu!"

Na wewe ukaja.

Ulisimama ndani ya mtumbwi, matete yakafunguka, mikono yote miwili juu, umevaa zile glavu. Hukuangalia askari. Uliniangalia mimi. Ulikuwa umeanza kutabasamu, nadhani, ila kwa umbali ule siwezi kuapa.

Sitaandika milio.

Saleh alizama akatokea mbali, akaishi. Wewe ulianguka upande wa maji mengi. Yule askari mzuri akanishika bega, mkono wake ulikuwa mzito. Alikuwa mtu wa mashariki, Kiswahili chake kilikuwa kama cha mama yako. Akaniambia, "Umefanya vizuri kumwita."

Ndipo nikasikia nilichosema. Mpaka alipolitamka yeye, nilidhani nimejaribu kukuokoa.

Wale wawili waliokuwa na mimi walikuwa watoto wa kwetu, kwao njo ni "ndiye" tu. Walisikia Wabula anawaambia askari ni Amisi. Waliniambia, "Ulifanya uliloweza." Waliwaeleza watu hivyo. Hakuna aliyekumbuka mapatano yetu ya nyuma ya mianzi. Yalikuwa kicheko tu, na kicheko kilikuwa kimekwisha mjini.

Njia ilipofunguliwa nilivuka kwenye matanga. Hapakuwa na maiti. Wazee walikuswalia hivyohivyo. Mama yako alikaa kwenye mkeka wangu, ule wa kwanza. Saleh akasimulia mbele ya wote: "Tulikuwa tumejificha muzuri. Nilimushika kwa mukono. Akasema, 'Niache, ananiita.' Akasimama. Miye nilisikia kelele tu."

Mama yako akainua uso. "Nani alimwita mwanangu?"

Nilikuwa nimeshika birika, nawanawisha watu mikono. Akamuuliza kila mtu mmoja mmoja. Alipofika kwangu hakuniuliza. Alinyoosha mikono tu, nikammwagia maji. Hakuwaza kwamba ningeweza kujua nikamficha.

Nimejiuliza sana kwa nini nilinyamaza, na sitaki kujipamba. Haikuwa huzuni. Nilikuwa na njaa na niliogopa hatanipa tena mahali pa kulala. Hiyo ndiyo sababu yote. Nyumba yake ndiyo nyumba niliyokuwa nayo, na wakati huo niliona ni sababu ya kutosha.

Akanipa kitanda chako. Na kila nilipotoka kuchota maji nikarudi, nilibisha, na yeye akauliza, "Nani?" Sikuhitaji tena kurudi nyuma. Nilisema vizuri: "Ni mimi." Siku moja akafungua mlango, macho yake yamevimba, akanishika shavu.

"Sasa unasema vizuri," alisema. "Amisi angefurahi."

Wiki iliyofuata niliacha koleji. Nilihama kwa mama yako, nikamwambia kwamba padri amenipa chumba. Baada ya ule wa kunyamaza, huo ulikuwa uongo wa pili. Nilibeba mizigo ya watu wa baiskeli, nikavuta nyavu, nikafanya chochote mpaka vita ilipolegea na treni ikalia tena stesheni. Nilipanda ya kwanza niliyoweza kupanda. Kongolo, Kabalo, kisha hapa. Nimekuwa nikitengeneza njia ya kwenda kwenu miaka yote, gogo kwa gogo, na sijaifuata hata mara moja. Wenzangu hucheka Kiswahili changu, wanasema ninaongea kama imamu. Neno lile sijalitamka tangu siku ya mto. Mtu akiniuliza nani alichukua koleo, nasema ni fulani. Mke wangu, mwanamke wa hapa, alilisema mara moja, nikatoka nje. Hakujua amefanya nini, nami sikumwambia. Aliishia kuondoka, na sikumlaumu.

Nimekuwa pia nikikukasirikia. Nilikwambia nitasema wazi, basi na hili. Uliahidi utakuja hata kama umelala. Nani alikuambia uniamini kiasi kile? Mimi mtoto wa Pangi, wa mkeka nyuma ya kanisa, ninayesahau lugha nikishtuka. Kipa mwenye akili angefungua macho kwanza, angeangalia. Wiki nyingine nakuchukia kwa sababu hukuangalia. Halafu nakumbuka kwamba ulikuwa unaniangalia mimi.

Baada ya simu ya Amisi wa reli sikufanya kazi vizuri. Niliangusha gogo, karibu nimvunje mtu mguu. Msimamizi akaniita pembeni.

"Mzee Wabula, unaumwa?"

"Nina mama kule Kindu."

"Anaumwa?"

"Ananiuliza swali."

"Basi nenda ukajibu. Hapa utatuulia watu."

Jana nilimpigia simu Amisi wa reli. Nikamuuliza kama mtandao wake ni mzuri. Akasema mzuri. Nikamwambia. Nilitegemea atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake, anayo mengi. Nikasikia pikipiki zinapita kwao.

"Ile bao ya kwanza," akasema mwishowe. "Njo ilianzia pale. Miye na muwa wangu."

"Si wewe."

"Najua haiko miye. Lakini nilicheka sana." Kisha akasema, "Usimuambie kwa simu, Wabula. Na miye sitamuambia. Kuya weye."

Sijui atanifanya nini, yaya. Amezeeka, haoni. Anaweza kunifukuza na itakuwa haki yake. Anaweza kuita vijana wa mtaa. Anaweza kunyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Wanaume wa timu wanaweza kukataa kucheza na mimi uwanjani, hata kukaa benchi moja. Nimeyakubali yote, ila nimechoka kusifiwa Kiswahili changu.

Nimefikiri sana nitamwelezaje. Nilipanga maneno mengi, nikayaacha. Kisha nikakumbuka mlango. Nitavuka mchana, kwa mtumbwi, nimesimama mahali watu wote wananiona. Nitapanda njia ya Alunguli mpaka nyumba yenu, na nitabisha. Atauliza, kama alivyouliza siku zote, "Nani?" Wala sitamjibu vizuri. Nitajibu kama nilivyosema mtoni, kwa lugha ileile, kwa sauti ileile ili aisikie mwenyewe. "Njo miye." Yeye ana akili kuliko sisi wawili, na mkasa wa bao la muwa anaujua. Atajua ni nani alimwita mwanawe kabla sijaongeza neno.

Kisha nitangoja nje. Akisema "Njoo", nitaingia. Asiposema, nitakaa pale chini mpaka aseme chochote.

Treni ya mizigo inaondoka hapa Alhamisi, nitapanda pamoja na mataruma. Injini ikifa Kabalo, kama ilivyo desturi yake, nitatembea hadi nipate nyingine. Nategemea kufika Kindu Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, na kuwa mlangoni kwa mama yako siku hiyohiyo, kabla ya sala ya magharibi.

Mdogo wako, aliyekuita,
Wabula, namba tano